Uliza zipu imetoka wapi

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alisimama mlangoni pa karakana yetu hapa Kariobangi Light Industries, akaangua jinzi kwenye kamba, akaigeuza ndani nje kama mnunuzi wa mbuzi anayetaka kuona meno kwanza. Akafuata mshono wa kati kwa kidole, akavuta mfuko, akapandisha zipu na kuishusha mara tatu. Kisha akaniuliza, "Mathe, hii ni ya hapa kweli, ama mnabandika tu lebo?"

Nikamjibu ni ya hapa. Nilijibu upesi, tena kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Akakubali kwa kichwa, akasema atarudi mwisho wa mwezi, na sisi wauzaji tunaujua mwisho wa mwezi wa wateja. Aliondoka yeye, swali akaniachia. Nilipiga pasi nalo, nikakata nalo, nikala nalo githeri ya mchana.

Jioni, wenzangu walipokwisha kwenda, nilitwaa jinzi moja iliyokataliwa. Mguu wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia kwa nusu inchi. Kosa langu mwenyewe, nilikata huku nikiongea na simu. Nikaketi nayo chini ya balbu, wembe mkononi, nikaifumua yote. Nilitaka kuona mezani, kipande kwa kipande, ya hapa ni ipi na ya kwingine ni ipi. Nikatenga mafungu mawili.

Kitambaa kwanza, maana hicho ndicho jinzi yenyewe. Kwa asiyejua: kitambaa cha jinzi kina nyuzi za namna mbili. Mtande, yaani nyuzi za urefu, hutiwa nili. Mshindio, zile za kukatiza, huachwa nyeupe. Kila uzi wa mshindio huruka juu ya mtande mmoja, ukapita chini ya mitatu, na mstari unaofuata unasogea hatua moja. Ndiyo maana nje ni buluu na ndani kweupe, na ukiisogeza karibu na jicho unaona vimistari vya mshazari kama mvua inayopigwa na upepo. Nili nayo ina ukaidi wake. Haizami hadi moyoni mwa uzi, hukaa kwenye ngozi tu. Uzi ukisuguliwa ngozi inaambuka na weupe unachungulia. Ule mchakao wa magotini ambao vijana wanaulipia pesa nyingi ni rangi iliyokataa kuingia ndani, basi.

Majora yangu nanunua Eastleigh, uzito wa aunsi 12 kwa yadi ya mraba, mara chache 13. Mengine napata kwa madalali wanaouza mabaki ya viwanda vya Athi River. La Eastleigh lilikuja na karatasi inayosema India. La mabaki halikuwa na karatasi yoyote. Nikakiweka kitambaa fungu la kwingine, miguu yote miwili, viuno, vitanzi vya mshipi, na meza ikawa imeegemea upande mmoja kabla sijaanza vizuri.

Hapo niliumia kidogo, na sababu si kijana. Kukhu wangu, yaani nyanya yangu, alilima pamba kule Busia. Namkumbuka akiichambua barazani, vidole vimechanjwa na makaka makavu, na namkumbuka akingoja malipo yanayokuja msimu mwingine ukiwa umeshaanza. Hatimaye aling'oa yote akapanda muhogo. Muhogo, alisema, hata wasipokulipa utaula. Wakati huo kulikuwa na viwanda vya nguo: Kisumu ilikuwa na Kicomi na Eldoret ilikuwa na Rivatex. Kicomi ilifungwa miaka ya 1990, ile miaka ambayo mitumba ilifunguliwa mlango ikajaa kila soko. Rivatex nayo ilianguka, ikaja kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na mwaka 2019 ikazinduliwa upya ikiwa na mashine mpya. Kwa hiyo sisemi pamba imekufa nchini. Inalimwa Busia, Kitui, Lamu, Baringo. Nasema tu kwamba kati ya shamba la kukhu na meza yangu kuna barabara ndefu yenye madaraja yaliyobomoka, na mimi mwenye cherehani nne siwezi kuyajenga. Nikipata jora la jinzi lililofumwa hapa, lenye aunsi ninazotaka na kwa kiasi cha mfuko wangu, nitalibeba kichwani kutoka stendi.

Uzi: poliesta, umetoka nje. Zipu: YKK, jina la Kijapani. Lebo ya saizi: inachapwa mjini kwenye utepe wa nje, nikaikata katikati kwa utani nikaweka nusu kila fungu.

Mifuko ya mbele, ile ya ndani isiyoonekana, ni pamba nyeupe iliyofumwa Thika. Fungu la hapa! Kipande cha ngozi kinachokaa nyuma ya kiuno ni baki la viatu vya Kariokor. Mafundi wa sandali pale hukata nyayo na vikuku, kinachobaki ni vipembe vya ngozi ambavyo zamani vilikuwa takataka, na sasa kuna mama anayeniwekea kwenye gunia. Siku hizi ameanza kunitoza, nami sina neno, kwani mimi ndiye niliyemfundisha kwamba vina thamani. (Kariokor, kwa wasiojua, ni Carrier Corps iliyopita midomoni mwa Waafrika waliobebeshwa mizigo ya vita vya Waingereza. Kila nikipita pale nawaza kwamba hata jina letu la soko tulilifumua tukalishona upya.)

Halafu kifungo. Kifungo chetu ni cha pembe ya ng'ombe, kinachongwa Kibera na mafundi wa mifupa na pembe. Hakuna viwili vinavyofanana: kimoja kina wingu jeusi, kingine kina mstari wa rangi ya chai ya maziwa. Kinataka kushonwa kwa uzi mara sita na kuachiwa shingo fupi, la sivyo tundu la kifungo litakibana hadi kipasuke. Hakipendi maji yanayochemka. Nakipenda kuliko kitu chochote kwenye jinzi hii.

Ribiti hazikuwepo fungu lolote, na hiyo ni hadithi peke yake. Mnazijua ribiti, vile vichwa vidogo vya shaba pembeni mwa mifuko. Tukianza, nilitaka ziwe za hapa. Nikaenda Kamukunji, pale nyundo zinapolia tangu asubuhi kama mvua ya mawe, nikamtafuta fundi wa masanduku ya shule, nikampa bati la shaba na mfano. Alinitengenezea mia moja, nzuri za kupendeza. Wiki mbili baadaye mteja akarudi na mfuko uliokatika kama umekatwa na wembe. Kingo za zile ribiti zilikuwa kali, zilikuwa zinakata kitambaa polepole kila mtu anapoingiza mkono. Fundi hakuwa na kosa. Bati nililompa lilikuwa jembamba mno kukunjwa ukingo. Tangu siku hiyo pembe za mifuko tunazifunga kwa mshono mfupi wa kwenda na kurudi mara kumi na mbili. Si urembo, lakini haujarudi hata mfuko mmoja.

Nikiwaza ribiti humkumbuka Jacob Davis. Dunia inamjua Levi Strauss, na ni haki yake, lakini Strauss alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa kule San Francisco. Davis alikuwa fundi cherehani mji wa Reno, Nevada, fundi kama sisi, wa mahema na matandiko ya farasi. Mwanamke mmoja alikuja kuomba suruali ya mumewe mkata kuni, suruali isiyochanika mifuko. Davis akatazama ribiti alizokuwa akifungia matandiko ya farasi, akazigonga mifukoni. Wateja wakaanza kuja. Ada ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ikamshinda, akamwandikia Strauss aliyekuwa akimuuzia kitambaa, wakaandikisha pamoja, wakaipata tarehe 20 Mei 1873. Mimi hupenda hasa ile sehemu ya mwanamke mlangoni. Nguo yote hii inayovaliwa dunia nzima ilianza na mke aliyechoka kushona mfuko uleule.

Turudi mezani. Nilipomaliza, fungu la hapa lilikuwa la kuaibisha: kifungo kimoja, ngozi ya ukubwa wa kadi, mifuko miwili, nusu ya lebo. Fungu la kwingine lilikuwa jinzi nzima. Nikakaa nikilitazama. Nikamwona yule kijana akicheka, ingawa hakucheka.

Halafu nikaona sakafu. Miguuni pangu kulikuwa na vumbi la nyuzi, vipande vya uzi wa rangi ya asali vya urefu wa punje ya mchele, mamia kwa mamia. Hiyo ilikuwa mishono yetu. Kazi ya siku nzima ya watu wanne nilikuwa nimeikata kwa wembe nikaimwaga chini, kisha nikaanza kutafuta mezani kilichotengenezwa Kariobangi.

Hebu niwaambie mshono mmoja tu ulivyo. Karakana yetu ina mzee aliyeshona sare za shule Uhuru Market zaidi ya miaka thelathini. Yeye ndiye mwenye mishono mirefu: wa ndani ya mguu na wa makalio. Anakunja ukingo wa upande mmoja ukameza wa mwenzake, ili pasibaki uzi wa kufumuka ndani wala nje, halafu anapitisha mistari miwili sambamba. Hana mashine ya kazi hiyo, anakunja kwa kucha ya kidole gumba. Ugumu unakuja pale chini ya zipu ambapo mishono inakutana. Hapo kitambaa kimekunjana hadi matabaka manane au zaidi, kimefanya nundu. Ukiipeleka sindano pale kwa kasi itavunjika na kipande kitaruka kikutafute jicho. Kwa hiyo mzee anasimamisha mashine. Anaitoa jinzi, anailaza juu ya kipande cha chuma tulichopewa na jirani mchomeleaji, anaipiga ile nundu kwa nyundo mara nne, tano, si kwa nguvu, kama anayebisha hodi. Anaipaka sabuni ya kipande. Anaweka sindano namba 18, anarudi kwenye mashine, na ile inchi moja anaishona kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, tundu kwa tundu. Wageni wakisikia nyundo karakana ya nguo hushangaa. Yeye huwaambia, "Hii si gauni ya harusi."

Mimi mwenyewe mshono huo sikuujua hadi nilipomkuta yeye, na hapo ndipo aibu yangu ya pili ilipo. Nilifanya kazi miaka sita katika kiwanda kimoja Athi River, kwenye eneo la EPZ, lile la viwanda vya kuuza nje, tukishona jinzi za Marekani. Viwanda hivyo vilichangamka baada ya AGOA, ile sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoruhusu nguo zetu kuingia kwao bila ushuru. Miaka sita nilishona mfuko wa nyuma wa kulia. Huo tu. Wa kushoto ulikuwa wa mwenzangu, na kama hakuja kazini nilishona wake nikiuona mgeni kama ugali wa jirani. Tageti ilikuwa mifuko 60 kwa saa. Ukiniamsha usiku wa manane ungenikuta nikikunja pembe za mfuko kwenye shuka. Lakini ungenipa kitambaa ukaniambia nitengeneze jinzi, nisingejua pa kuanzia. Nilikuwa fundi wa jinzi asiyejua jinzi.

Mwaka 2017 tulipunguzwa. Nikarudi Gikomba kuuza mitumba na rafiki yangu, tukifika alfajiri marobota yakifunguliwa ili tuwahi kamera, yaani nguo bora, kabla haijabaki fagia, zile za mwisho. Asubuhi moja, katika robota la jinzi za wanaume, nikashika moja ambayo lebo ya ndani ilisema imetengenezwa Kenya. Nikageuza upesi, nikatazama mfuko wa nyuma wa kulia. Mngependa niseme niliujua. Sikuujua. Mfuko haubebi sahihi ya mtu, na tulikuwa wengi, viwanda vingi. Kilichonishika ni upindo. Huko ilikokwenda mtu alikuwa ameipunguza urefu kwa mkono, kwa uzi mweusi, mishono mirefu isiyolingana, ya mtu asiye fundi lakini mwenye subira. Ilikuwa imesafiri ikaenda, ikavaliwa, ikapunguzwa jikoni kwa mtu, ikasafiri ikarudi, na sasa bei yake ni shilingi 250. Nikailipa mwenyewe. Rafiki yangu alinuna, maana ilikuwa kamera safi.

Ile jinzi ndiyo ilikuwa mwalimu wangu. Niliifumua kwa siku mbili, nikiandika namba kwa chaki kila kipande, nikachora vipande vyake kwenye karatasi za mifuko ya simiti. Karatasi hizo bado zimetundikwa ukutani kwa msumari, zimepigwa viraka vya gundi, na kila saizi tunayokata ni mjukuu wake.

Lakini kuchora si kukata. Oda yetu ya kwanza kubwa ilikuwa suruali 30 za wahudumu wa mgahawa mmoja mjini. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kitambaa kwa uroho. Niligundua kwamba nikiviinamisha kidogo vipande vya miguu juu ya jora, badala ya kuvilaza sawa na mtande, napata suruali moja ya bure kila baada ya kumi. Suruali tatu za bure! Mzee alikuwa bado hajajiunga nasi, hapakuwa na wa kunizuia. Tulizishona zikapendeza, zikapigwa pasi, zikapelekwa, tukalipwa nusu.

Baada ya kufuliwa mara tatu, simu ikaja. Nilipofika mgahawani nilimwona mhudumu akija na sinia, na mshono wa nje wa suruali yake ulikuwa umehama. Kiunoni ulikuwa ubavuni panapostahili, ukashuka ukizunguka kama mzabibu, ukatokea mbele juu ya muundi. Wote walikuwa hivyo. Walionekana kama watu ambao miguu yao inakwenda sokoni na viuno vinarudi nyumbani. Sababu ni ule mshazari niliowaambia. Kitambaa cha jinzi kwa asili yake kinavutwa upande mmoja, kikilowa kinataka kujinyoosha kuelekea huko. Viwanda vizuri hukivuta mapema ili kitulie. Ukikikata kikiwa kimelala sawa na mtande kinavumilika, ukikiinamisha unakuwa umekisukuma mlimani. Nilizishona upya zote 30, kwa kitambaa changu, kwa mkopo wa chama ambao nililipa miezi kumi na moja. Zile tatu za bure ndizo suruali ghali zaidi nilizowahi kutengeneza.

Tangu hapo hatukati jora lililokavu. Tunalilowesha kwanza kwenye pipa la lita 200, usiku mzima, tunalianika juu ya paa la jirani, ndipo linapopanda mezani. Linasinyaa likiwa letu, si likiwa kiunoni mwa mteja. Maji yanabaki buluu, nayo tunayatumia kupigia deki na kumwagia choo hadi yaishe.

Hapo ndipo binti ya dada yangu, anayeshika simu ya karakana na kurasa za Instagram, aliponiletea neno lake: tuandike kwenye lebo kwamba jinzi zetu ni rafiki wa mazingira. Tulikuwa tumeandika, kwa kweli, kwa mwaka mzima. Nimeifuta, na nitawaambia kwa nini. Mwaka 2015 kampuni ya Levi Strauss ilitoa hesabu ya maji ya jinzi moja ya 501 tangu shamba la pamba hadi mwisho wa maisha yake: lita 3,781. Niliigeuza kwa lugha ya hapa. Hiyo ni mitungi 189 ya lita ishirini. Siku za mgao mtungi kwetu ni shilingi 20, kwa hiyo maji ya jinzi moja yangeuzwa shilingi 3,780. Mimi jinzi nauza 3,500. Maji yake ni ghali kuliko yenyewe!

Na sehemu inayouma zaidi ni mgawanyo. Zaidi ya theluthi mbili ya maji hayo ni ya shamba la pamba, na karibu robo ni ya mwenyewe akifua nyumbani. Kinachobaki kwa wafumaji, wakataji na washonaji ni kidogo. Pipa langu la buluu, lenye kupigiwa picha na kila mgeni, ni tone. Nikisema mimi ni rafiki wa mazingira kwa sababu ya pipa, ni kama mtu aliyechangia harusi kijiko akaomba kuketi meza ya wazazi. Ninachoweza kufanya ni mawili: kushona kitu kisichochakaa upesi ili shamba lisidaiwe pamba nyingine, na kumsihi mteja asifue kila akiivaa. Hili la pili wanaume wanalipokea kwa furaha kupita kiasi.

Jambo moja silifanyi hata nikiombwa, nalo ni kufubaza jinzi mpya ionekane kuukuu. Vijana wananiomba. Kuna viwanda vilivyokuwa vikipiga kitambaa kwa mchanga unaorushwa kwa upepo wa mashine, na vumbi lile likaingia mapafuni mwa wafanyakazi likayafanya magumu kama saruji. Uturuki iliona vijana wake wakifa, ikapiga marufuku mwaka 2009. Jirani yangu hapa ana mashine ya mchanga ya kusafishia vyuma, na aliwahi kunishauri kwa nia njema tujaribu. Nikamwonyesha kofia yake mwenyewe ilivyojaa vumbi. Mtu akitaka magoti meupe, namwambia apige magoti.

Kwa hiyo lebo mpya, ile tuliyoanza kuifunga juzi kwa kamba ya katani, haina neno mazingira wala neno asilia. Imeandikwa hivi: Kitambaa, India. Uzi na zipu, nje. Mifuko, Thika. Ngozi, Kariokor. Kifungo, Kibera. Imekatwa na kushonwa Kariobangi. Ikichanika, irudishe. Binti ya dada yangu aliisoma akaniuliza kama nimechoka na biashara. Labda ana haki. Mwanamke mmoja jana aliisoma hadi mwisho, akasema, "Kumbe kitambaa si cha hapa," akairudisha kambani akaenda. Mwingine akacheka kwa neno irudishe, akanunua mbili.

Kuhusu bei, msinianze. Ndiyo, Gikomba utapata jinzi kwa mia tatu, na siwezi kukulaumu maana na mimi nimewauzia. Hesabu yangu iko wazi kwa anayeitaka: mita moja na nusu kasoro ya kitambaa, vitu vidogovidogo, stima, kodi ya chumba, na watu wanne ambao kila mmoja ana watoto shuleni. Kinachobaki hakiwezi kununua gari. Duka moja la upande wa Westlands lilitaka kuchukua 50 kwa mwezi kwa 1,400 kila moja na kuziwekea jina lao. Mzee alipiga hesabu kwa chaki juu ya meza, akaifuta kwa kiganja bila kusema kitu, akarudi kwenye mashine yake.

Wateja wangu wakubwa, ambao sikuwahi kuwawaza nilipoanza, ni watu wa bodaboda. Jinzi ya mtu wa boda haifi magotini wala mifukoni. Inaliwa ndani ya mapaja, pale panaposuguana na kiti kutwa kucha. Mmoja wao wa stendi ya hapa mzunguko wa Outering alinunua yake mwaka wa juzi, na Jumatatu aliirudisha kwa mara ya nne. Aliingia amevaa kaptura ya mpira, jinzi imekunjwa kwapani ndani ya gazeti. "Mathe, imenikula tena huku."

Nikaipeleka dirishani. Kitambaa pale kilikuwa kimebaki mshindio mtupu, nyuzi nyeupe zimelala sambamba kama ngazi iliyopoteza miguu, buluu yote imekwenda. Kando yake kulikuwa na kiraka changu cha kwanza, ambacho nacho kimeanza kupauka, na kingine cha pili. Nikakata kipande kutoka kwenye mabaki ya jora lilelile, tunayaweka kwa namba, nikakilaza kwa ndani mshazari wake ukifuata mshazari wa juu. Stima ilikuwa imepotea tangu saa nne, kwa hiyo nikahamia kwenye Singer ya kukanyaga. Nikashona kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mistari ya karibu karibu hadi shimo likajaa uzi na kuwa gumu kidogo chini ya kidole. Yeye alikaa kwenye kigoda akila mahindi ya kuchoma na kubishana na mzee kuhusu Gor Mahia.

Nikamwambia zile tatu za kwanza zilikuwa bure, hata hii ni bure, lebo ndivyo inavyosema. Akasema hiyo lebo yake ilikuja bila hayo maneno, akaweka mia mbili juu ya meza. Kisha akaivaa hapo hapo nyuma ya pazia, akatoka, akachuchumaa mara mbili kuijaribu, na akauliza kama naweza kuongeza mfuko wa simu ya pili, upande wa kulia, nyuma.

Nikamwambia huo hata gizani nitaushona.